Tyubu Moja, Nyuso Mbili

Ukipewa krimu ya kuzuia kansa ya ngozi na ukaambiwa itaunguza kidogo, usiliamini hilo neno kidogo. Mimi niliamini. Leo nina uso mzima, au karibu mzima, na ninaandika kwa ajili yako wewe uliyeketi kwenye benchi fulani na tyubu mkononi, ukijiuliza uianze au uitupe. Kansa ni nini sitakueleza, wa kueleza hayo wapo. Nitakueleza jinsi inavyokuwa kuipaka, na jinsi inavyokuwa kuipaka peke yako.

Mimi ni pacha. Jina langu ni Kabanga, na kwa sisi Waluba wa Kasai jina hilo peke yake linakuambia kwamba kuna Mbuyi aliyenitangulia kutoka tumboni. Mbuyi alitoka mweusi kama baba yetu. Mimi nikatoka mweupe, nywele rangi ya mahindi makavu, macho yasiyoweza kutazama mchana. Wakunga walisita wakiniangalia. Mama hakusita.

"Ni mapasa, njo ile," aliwaambia, yaani ni mapacha, ndivyo ilivyo. "Muniletee bote."

Tulikulia Musonoi, mtaa wa Kolwezi, kando ya mashimo ya shaba, ambako Baba aliendesha mashine za kampuni kama babu, aliyeletwa na kampuni kutoka Kasai, alivyofanya kabla yake. Mama aliitwa Mama Mwambuyi, jina la heshima la mwanamke aliyezaa pacha, na heshima hiyo ilikuwa na kazi yake. Kwetu pacha hupewa kila kitu sawa. Ukimnunulia mmoja kitambaa, mnunulie na mwenzake. Ukimchapa mmoja, yule wa pili naye ajiandae. Ukimnyima mmoja, huyo uliyemnyima ataugua, na Mama hakuwa mtu wa kujaribu kuona kama ni kweli. Kwa hiyo mimi nilivaa kofia kwa sababu ya jua na Mbuyi akavaa kofia kwa sababu yangu. Watoto wa mtaani walipaza sauti, "Ndundu! Ndundu!", jina wanalotuita sisi tuliozaliwa bila rangi, na Mbuyi aliitika kwanza kuliko mimi.

Madoa yalianza tulipokuwa tumemaliza shule. Sikuyaona mwenyewe. Macho yangu hayaoni vizuri hata kwenye kioo, na uso wangu nilizoea kuusoma kwa Mbuyi. Yeye ndiye aliyekuwa akinishika kidevu kila asubuhi na kusema hapa kuna uchafu, hapa umeungua, hapa pazuri. Asubuhi moja alipitisha kidole kwenye paji la uso wangu, akakirudisha tena.

"Pako kama musasa," alisema.

Palikuwa na madoa magumu pajini, mengine kwenye mashavu, na kidonda juu ya sikio la kushoto ambacho kilikuwa kikifunga na kufunguka tangu mvua zilizotangulia. Hospitalini walikata kipande cha sikio. Waliniambia hicho kilikuwa kimeshageuka kansa, na hayo mengine yako njiani. Nilirudi nyumbani na bandeji kichwani, nikalala nikiukabili ukuta. Mbuyi alijifunga kitambaa sikioni akalala nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza nilimkasirikia. Sikio lake lilikuwa zima.

Zahanati ya watawa ilikuwa na chumba cha kungojea chenye mabenchi mawili. Tulipoitwa sisi wenye ualbino, tuliketi benchi moja na kofia zetu, na wagonjwa wengine wakabanana kwenye lile la pili ingawa letu lilikuwa na nafasi. Karibu yangu aliketi mzee kutoka Tenke, Tata Kalenga, mwenye pua iliyokwishakatwa ncha na mdomo usiojua kunyamaza. Masere Odila, mtawa muuguzi mzaliwa wa Kivu, alisimama mbele yetu kumfasiria daktari wa ngozi, mgeni aliyefika na makatoni ya tyubu.

Maelezo yalikuwa haya. Tutapaka krimu usoni na masikioni asubuhi na jioni, na kila wiki tutakuja kuangaliwa. Wanataka kujua kama krimu hiyo inaweza kuyaua madoa kabla hayajawa kansa. Tyubu nyingine zina dawa, nyingine zina mafuta matupu, na hakuna atakayejua yake ni ipi, hata Masere. Itaunguza kidogo. Asiyetaka arudi nyumbani, hakuna atakayemkasirikia.

Tata Kalenga aliinua mkono. "Dokta, kama yangu ni mafuta ya bure, mutanipa na mukate?"

Daktari alisubiri afasiriwe, kisha akacheka kuliko sisi sote. Nilimpenda kwa hilo. Nikachukua tyubu yangu.

Nyumbani Mama aliigeuzageuza mikononi, akaleta kikopo kilichokwisha mafuta ya mgando, akakamua humo nusu ya krimu yote. Hakuuliza mtu. Nusu ya tyubu ilikuwa yangu, kikopo kikawa cha Mbuyi. Nami sikushangaa hata kidogo, maana hivyo ndivyo tulivyogawana kila kitu tangu tulipozaliwa. Tukaketi kizingitini, kila mmoja akimpaka mwenzake.

Wiki iliyofuata Masere aliibonyeza tyubu yangu, ikatoa hewa.

"Kabanga, hii krimu unaila?"

Mbuyi, aliyekuwa amenisindikiza, alicheka, na uso wake ukang'aa kama sufuria mpya. Masere alimtazama, akanitazama mimi, akaagiza Mama aitwe. Mama alikuja na kitenge chake cha kanisani, tayari kwa vita.

"Mama Mwambuyi, dawa hii ni ya mgonjwa. Huyu ngozi yake haina shida."

"Aba ni mapasa, Masere. Ukipatia umoja, mwengine atagonjwa. Nilibazalaka pamoja, nitabapaka pamoja."

Ningekuwa mimi Masere, ningefoka. Yeye aliingia stoo, akatoka na tyubu mbili. Moja ilikuwa krimu mpya, yenye namba ileile ya tyubu yangu ya kwanza. Ya pili, ya ukubwa uleule, ilikuwa mafuta ya mgando basi.

"Hii ya Kabanga ni ya Kabanga peke yake," alisema. "Hii ni ya Mbuyi. Asubuhi na jioni, sawasawa na mwenzake."

Mama alizipima kwa macho, akaziona ziko sawa, akashukuru. Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna mila inayogongana na dawa, mwambie muuguzi wako. Si kila muuguzi atakucheka.

Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha muwasho, kama umelalia upupu. Kisha yale madoa, hata niliyokuwa sijui kwamba ninayo, yakawaka mekundu moja baada ya jingine, na uso wote ukawa kidonda kimoja kinachotoa maji. Mto ulikuwa ukiganda shavuni na asubuhi ilibidi tuulowanishe ili utoke. Sikuweza kucheka wala kupiga mwayo. Hata mvuke wa chai ulinichoma. Baba alisema dawa ya moto ni moto, akatoka nje asinione. Mama alisema, "Mutoto yangu anaoza," na hakutoka nje. Kwenye benchi, Tata Kalenga aliusogeza uso wake laini karibu na wangu akanionea wivu waziwazi.

"Yako inafanya kazi, binti. Yangu inalala tu."

Hakuna aliyetuambia lolote, lakini tangu siku hiyo wote wawili tulijua nani amepata dawa na nani amepata mafuta.

Ilikuwa mwisho wa mvua, na mji ulikuwa unaanguka. Kampuni ilikuwa imeacha kulipa, unga wa wafanyakazi haukuja tena, na mashine za Baba zilisimama shimoni zikiota kutu. Watu wenye njaa walitafuta wa kulaumu, wakaambiwa ni sisi, Wakasai, tuliokula kazi za wenyeji. Walituita bilulu, wadudu. Vijana walipita Musonoi wakituonyesha nyumba moja baada ya nyingine, na wengine kati yao walikuwa wamekula kwetu. Daktari mgeni aliondoka na wageni wenzake. Makatoni yalibaki, naye Masere akaendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. "Dawa iko hapa, na nyuso ziko hapa," alisema.

Kisha zamu yetu ikafika. Tulipewa asubuhi moja tu ya kuhama nyumba ya kampuni.

"Banasema turudie kwetu," Baba alisema akiwa amesimama katikati ya magodoro. "Kwetu wapi? Mi nilizaliwaka hapa."

Watu wetu walikuwa wamejazana stesheni kwa maelfu, wakingoja treni za kwenda Kasai, mabehewa yaleyale ya kubebea mawe ya shaba, yasiyo na paa. Walilala chini ya vipande vya plastiki, na wengine walikuwa wamengoja mwezi na zaidi. Nilimwendea Masere nikiwa nimejifunga kanga usoni.

Hakunificha ukweli. "Kule hakuna kivuli. Ukikaa juani na uso huu, krimu itakuwa imekuharibu badala ya kukuponya. Na ukiiacha sasa, tutakuwa tumekuunguza bure. Kuna chumba nyuma ya zahanati. Mgonjwa naweza kumpokea. Familia siwezi, wakijua nimeficha Wakasai wazima watatuchomea."

Niliporudi na habari hiyo, Mama alikataa kabla sijamaliza. Mapacha hawatenganishwi. Tutaondoka sote au tutabaki sote. Baba alisema mambo mawili yanayopingana. Wadogo zetu walikuwa wanne, mzigo ulikuwa mzito, na mgongo wa Baba ulikuwa umeshaharibiwa na mashine. Bila Mbuyi wasingefika, na sote tulilijua hilo. Nilitaka uso wangu. Nilitaka pia kwenda nao. Nilikuwa naogopa kubaki kuliko nilivyoogopa kansa, na nililisema hilo kwa sauti.

Mbuyi ndiye aliyeamua. Alichomoa tyubu yake kifuani, ile ya mafuta ya mgando, akamwonyesha Mama.

"Mama, umuache abakie. Mi nitapaka yangu kule, ye atapaka yake hapa. Asubuhi na magaribi. Itakuwa sawasawa tu."

Mama aliichukua akaipima mkononi. Mila haikusema lazima mapacha wapakwe mahali pamoja. Ilisema wapakwe sawa. Akanishika mabega, maana usoni hapashikiki, akasema, "Usikose kupaka hata siku moja."

Nilihamia kwa watawa. Jua likishatua nilikuwa nakwenda stesheni nimejifunika, naketi nao kwenye mafiga yao, na Mbuyi ananiinamia na kusoma uso wangu kwa mwanga wa moto. "Hapa panakauka. Hapa bado." Jioni moja nilifika nikakuta pale petu pana watu wengine. Treni ilikuwa imekuja mchana na yeyote aliyewahi alipanda. Mwanamke aliyekuwa ameweka sufuria yake juu ya mafiga yetu alinisogezea nafasi, akidhani nami nangoja. Sikuagana na mtu.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Watu wakiniuliza juu ya ugonjwa wangu wanataka habari za maumivu, nami nawaambia maumivu yana mwisho, unahisi yanapungua. Upweke haupungui namna hiyo. Kiangazi kiliingia na baridi yake, upepo ukapeperusha vumbi la machimbo mpaka ndani ya shuka, na mimi nilikaa chumbani pazia limefungwa, nasikia jina la kila mgonjwa likiitwa upande wa pili wa ukuta. Hakuna aliyekuwa akiniita Kabanga ila Masere. Sikuwa na wa kunisomea uso. Nilijipapasa kwa ncha za vidole katika giza la mchana, nikikisia magamba yapi yameanguka na yapi bado. Asubuhi na magharibi nilipaka, na kila nilipopaka nilimwona Mbuyi mahali fulani naye anapaka. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo sikuwa peke yangu. Kwa kweli niliipenda krimu ile, mimi niliyekuwa nalia ikinigusa.

Rehema zilikuwepo, ndogondogo, nami sitazisahau. Masere alikuwa akiniwekea kitambaa chenye maji yaliyochemshwa na kupozwa, na alikiweka polepole kana kwamba hana wagonjwa wengine. Tata Kalenga alikuja mara moja kutoka Tenke juu ya lori la mkaa, akaniletea kofia ya ukindu yenye ukingo mpana kama ungo. Yeye alikuwa mwenyeji, watu wake ndio waliowafukuza watu wangu, na hatukuwahi kulizungumza. Siku hiyo alilizungumza, akiangalia sakafu.

"Batoto ba kwetu banafanya mubaya. Mi niko muzee, habanisikie. Shika kofia."

Asubuhi moja yenye ukungu nilishindwa kuvumilia nikatoka kwenda kuitazama nyumba yetu. Njiani vijana walikuwa wameweka gogo, wakinusa Wakasai. Mmoja alinishika mkono.

"We, ndundu, unatoka wapi? Uko Mukasai?"

Kabla sijajibu, mwenzake alicheka. "Umuache huyu. Ndundu haina na kabila."

Wakanifungulia njia. Nilikuwa salama, na sijawahi kutukanwa hivyo. Nilitaka kugeuka niwaambie mimi ni Kabanga, wa tumbo la Mwambuyi, nami ni Mkasai kama yeyote mliyempakia kwenye behewa. Nilipita bila kugeuka. Nyumbani palikuwa na pazia la watu wengine dirishani.

Tyubu ya mwisho ilikwisha baridi ilipoanza kupungua. Magamba yalianguka yote, na chini yake kukatokea ngozi ya waridi, nyembamba, laini kama ya kope. Masere alinipapasa paji zima kwa dole gumba, akarudia mara mbili, akasema hakuna msasa tena. Alifurahi sana. Mimi nililia, na yeye akadhani ni furaha.

Sikuambii krimu hii inaponya kila mtu. Jaribio letu lilikosa mwenyewe, yule daktari, katikati, na Tata Kalenga alipaka mafuta matupu kwa uaminifu mpaka mwisho. Baada ya hapo nimekatwa mara mbili mahali padogo, na sitembei juani. Ninachokuambia ni hiki. Osha mikono ukimaliza kupaka. Usiguse macho. Usimgawie mtu, hata kwa upendo. Kipindi kile uso unapotisha ndicho kipindi cha kutoiacha. Na kama yupo mtu anayeweza kukaa nawe, mshike asiondoke, hata kama unaona haya kuonekana hivyo.

Ilinichukua mpaka kiangazi kingine kufika Mwene-Ditu kule Kasai, ambako treni zilikuwa zikiwashusha watu wetu, kwa lori, kwa miguu, na siku mbili kwenye behewa nikiwa nimejifunika kofia na magunia. Niliwauliza watu wa Kolwezi mtaa kwa mtaa, hadi nikaonyeshwa kiwanja pembeni mwa mji chenye nyumba ya udongo. Mama alikuwa anatwanga mihogo. Aliuacha mchi ukaanguka. Aliivua kofia yangu, akanishika uso kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza tangu nianze krimu, akaupapasa wote, paji, mashavu, sikio na nusu ya sikio.

"Umepona," alisema. "Mutoto yangu, umepona."

Baba alitoka, wadogo zetu wakatoka. Niliwahesabu wote kwa macho yangu mabovu, nikatazama mlangoni.

"Mbuyi iko wapi?"

Mama alikuwa bado ameushika uso wangu. "Mbuyi alikwendaka kutafuta chumvi."

Kwetu pacha hafi. Neno hilo halitamkwi. Pacha akiondoka duniani husemwa amekwenda kutafuta chumvi, na mtu haruhusiwi kulia, kwa sababu ukimlilia unamwita na yule aliyebaki amfuate. Ilikuwa ndani ya treni, kabla hata hawajafika Kamina. Kuhara, joto, maji hakuna. Walimshusha kwenye kituo ambacho Baba hakujua jina lake, na treni haikungoja. Mimi wakati huo nilikuwa chumbani kwangu nyuma ya zahanati, na magharibi hiyo, na zote zilizofuata, nilipaka nikijua kwamba naye anapaka.

Sikulia. Mama alikuwa ananitazama mdomo na macho kuona kama nitalia, naye amekwisha kupoteza mmoja, kwa hiyo sikulia. Kilio nilikiachia siku niliyoanza kuandika haya.

Jioni alipika bukari, ndio ugali wetu, na mboga za majani. Alimpakulia Baba, akawapakulia wadogo zetu, kisha akaweka mbele yangu sahani mbili, zimejaa sawasawa. Kila mtu aliangalia chakula chake. Nilikula yangu, kisha nikavuta ya Mbuyi, nikaimaliza.